Dhamana ya Afya: Mageuzi ya Matibabu, Bima ya Mwajiri na Wajibu wa Kaya ya Mgeni

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya kaya za wasemao Kiswahili wanaoishi na kufanya kazi Ibra, Sur, Nizwa na wilaya za jirani. Linaeleza jinsi mzigo wa gharama za matibabu ya mgeni unavyohamishiwa kwa mwajiri na kampuni ya bima, sababu za mabadiliko hayo, na yale yanayotakiwa kwa mgonjwa na jamaa zake. Ni vyema lisomwe kwa sauti nyumbani, wote wakiwapo, kisha maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe.

Jambo moja na litangulie. Mageuzi ya afya humbadilisha anayelipa, hayambadilishi anayeugua. Kwa hiyo kila mpango mpya, uwe wa Oman, wa Marekani au wa nyumbani Afrika Mashariki, hupimwa kwa swali hili: je, mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wote atamfikia daktari mapema, au atachelewa?

1. Tulikotoka

Mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na hospitali mbili na madaktari 13. Hospitali iliyojulikana zaidi ilikuwa Matrah, nayo iliendeshwa na wamisionari wa Kimarekani ambao walikuwa wakitibu pwani hiyo tangu mwanzo wa karne ya 20. Mgonjwa wa Nizwa au wa Sur asiyeweza safari alibaki na miti shamba, chuku, chuma cha moto na dua. Umri wa kuishi ulikuwa karibu miaka 50. Kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 118 hawakufikia mwaka wao wa kwanza.

Tangu mwaka huo serikali ilijenga hospitali na vituo vya afya mkoa kwa mkoa na kuwatibu raia bila malipo au kwa ada ndogo sana. Miongoni mwa waliojenga huduma hizo walikuwa Waomani waliorejea kutoka Zanzibar na kwingineko Afrika Mashariki, wakiwa na elimu na ufundi walioupata huko. Ndiyo maana hadi leo mgonjwa wa Ibra au Nizwa anaweza kumsikia muuguzi akimwambia, kwa Kiswahili safi, akunje mkono wa nguo apimwe presha.

Mwaka 1981 ulianza mpango wa kitaifa wa chanjo za watoto. Ilipofika miaka ya 2000, vifo vya watoto wachanga vilikuwa vimeshuka hadi karibu 10 katika kila 1,000. Katika ripoti yake ya mwaka 2000, Shirika la Afya Duniani liliiweka Oman nafasi ya 8 kati ya nchi 191 kwa utendaji wa mfumo wa afya. Mwaka 2012 Oman ikawa nchi ya kwanza kuthibitishwa na shirika hilo kwamba imeuondoa ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, usiwe tena tatizo la afya ya jamii.

Mfano wa vikope una funzo. Ugonjwa ule huenda kutoka uso hadi uso kwa mikono, nguo na nzi. Haukuweza kuondolewa kwa kumtibu tajiri na kumwacha maskini wa nyumba ya pili. Uliondoka kwa sababu kila uso ulihesabiwa. Afya ya jamii imejengwa juu ya msingi huo.

2. Kwa nini mageuzi mapya

Mfumo wa 1970 ulipangwa kwa nchi yenye watu wachache, vijana wengi, na maradhi ya kuambukiza. Hali ya leo ni nyingine. Maradhi yanayowajaza watu kliniki ni kisukari, presha, moyo na figo, na maradhi haya hutibiwa kwa miaka, hayaishi kwa dozi moja. Zaidi ya asilimia 40 ya wakazi wa Oman ni wageni, wengi wao wakiwa katika sekta binafsi. Tena mapato ya mafuta, ambayo ndiyo yaliyogharimia hospitali, yalishuka sana bei ilipoanguka mwaka 2014.

Kutokana na hayo serikali iliamua kwamba matibabu ya wafanyakazi wa sekta binafsi yabebwe na bima inayolipiwa na mwajiri. Mwaka 2019 mamlaka iliyosimamia soko la mitaji na bima ilitoa hati moja ya bima ya afya ili makampuni yote ya bima yafuate kipimo kimoja cha chini. Mpango huo unaitwa Dhamani. Msemaji wa Kiswahili halihitaji neno hilo kutafsiriwa: ni ndugu wa neno letu dhamana. Anayechukua dhamana anajifunga kwamba mzigo ukianguka, utaangukia mabega yake.

Mpango wa namna hii haumfikii kila mtu siku moja. Usidhani kwamba una bima kwa sababu tu umesikia kuna bima. Uliza, na uone kwa macho yako.

3. Funzo kutoka Marekani

Bima ya mwajiri si jambo jipya duniani, na nchi iliyoishi nayo kwa muda mrefu ni Marekani. Inafaa tuone ilivyokuwa huko, maana wengi wetu tuna jamaa Minneapolis, Columbus au kwingineko, na malalamiko yao kuhusu hospitali tunayasikia kwa simu.

Katika Vita Vikuu vya Pili, mwaka 1942, serikali ya Marekani ilizuia kupanda kwa mishahara. Waajiri waliotaka kuwavuta wafanyakazi wakawa wanawapa bima ya matibabu badala ya nyongeza ya fedha. Desturi hiyo ya wakati wa vita ikawa mfumo wa kudumu. Mwaka 1965 wazee na baadhi ya maskini walipewa mipango yao, Medicare na Medicaid. Aliyebaki katikati, yaani mtu mwenye kazi isiyo na bima, au aliyepoteza kazi, au aliyekuwa na maradhi ambayo kampuni za bima hazikuyataka, alijitegemea mwenyewe.

Matokeo yake ni kwamba ugonjwa na kazi vilifungwa kwa kamba moja. Mtu akiugua sana hukosa kazi. Akikosa kazi hukosa bima wakati ule ule anapoihitaji. Wengine walivumilia kazi mbaya kwa kuogopa kuipoteza kadi ya matibabu ya mtoto.

Sheria ya mageuzi iliyotiwa saini tarehe 23 Machi 2010 ilikusudia kuilegeza kamba hiyo. Kuanzia mwaka 2014 kampuni ya bima ya afya haikuruhusiwa kumkataa mtu, wala kumtoza zaidi, kwa sababu ya maradhi aliyokuwa nayo tangu awali. Wenye kipato kidogo walisaidiwa kununua bima. Watu wasio na bima, waliokuwa zaidi ya milioni 48 mwaka 2010, walipungua hadi karibu milioni 28 mwaka 2016. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini mwaka 2012 Mahakama Kuu iliziachia serikali za majimbo hiari ya kuupanua mpango wa maskini, na baadhi ya majimbo hayakuupanua. Nao wageni wasio na hati hawakuruhusiwa kununua bima katika soko jipya hata kwa fedha zao wenyewe. Mlango ulipanuliwa, lakini wako waliobaki nje, na waliobaki nje ni wale wale wasio na sauti.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, sheria njema hupunguza idadi ya wanaoachwa. Pili, bima inayotegemea mwajiri haitoshi kwa mtu asiye na mwajiri, au ambaye mwajiri wake hatimizi wajibu.

4. Nani hubaki mlangoni

Katika mazingira yetu wako watu wa aina nne ambao kaya inapaswa kuwaangalia kwa jicho la pekee.

Wa kwanza ni wafanyakazi wa nyumbani. Sheria ya kazi ya mwaka 2023, iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 53, inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa inayoweza kufika siku 182 kwa mwaka, siku 21 za mwanzo zikiwa kwa mshahara kamili, na inampa mama likizo ya uzazi ya siku 98. Lakini kazi za nyumbani zina kanuni zake mbali na sheria hiyo. Anayefanya kazi nyumbani kwa mtu asome mkataba wake, sehemu ya matibabu hasa, kabla hajaugua.

Wa pili ni mke, watoto na wazazi waliokuja kwa kibali cha familia. Bima ya mfanyakazi si lazima iwe bima ya nyumba nzima.

Wa tatu ni mtu aliye katikati ya kazi mbili, mkataba mmoja umekwisha na mwingine haujaanza.

Wa nne ni yule ambaye kibali chake cha ukaazi kimekwisha muda au ametengana na kafili wake. Huyu huogopa hata kulipita lango la hospitali.

Kuhusu huyu wa nne, tukumbuke mwezi wa Aprili 2020. Maradhi ya korona yalipoenea na wilaya ya Matrah kufungwa, Oman ilitangaza kwamba upimaji na matibabu ya korona ni bure kwa wote waliomo nchini, raia na wageni. Haikuwa huruma peke yake. Chumba chenye vitanda kumi hakiwezi kuwa na wagonjwa watano waliotibiwa na watano waliojificha, kisha wote wakapona. Kifua kikuu nacho ni vivyo hivyo: huenda kwa pumzi, hakiulizi pasipoti. Kumtibu aliye chini kabisa ni haki yake, na pia ni kinga ya wengine wote.

5. Kadi haiazimwi

Hapa tunagusa jambo ambalo watu hulifanya kwa nia njema. Dada amekuja kutembea, anashikwa na homa, hana bima. Shangazi yake anampa kadi yake na kumwambia: nenda, sema ndiye mimi. Inaonekana ni wema. Hata hivyo linaweza kuua.

Vituo vya Wizara ya Afya huweka kumbukumbu za wagonjwa katika mfumo wa kompyuta uitwao Al Shifa. Anachoandika daktari leo ndicho atakachokisoma daktari wa kesho. Tuchukue mfano. Dada anapimwa damu kwa jina la shangazi, na kundi la damu linaloandikwa ni la dada. Anapewa penisilini na haimdhuru, kwa hiyo faili linasema kwamba mwenye jina hili anaivumilia penisilini. Miezi sita baadaye shangazi anapata ajali katika barabara ya Ibra kwenda Muscat na kufikishwa hospitali hana fahamu. Madaktari hupima damu upya kabla ya kumwongezea mtu, lakini hospitali ina haraka, na faili lililo mbele yao linasema uongo. Na shangazi, ambaye dawa ile humvimbisha koo, hawezi kuwaambia.

Zaidi ya hatari hiyo, kuazimana kadi ni udanganyifu kwa bima na kwa sheria, na ukijulikana unaweza kumnyima bima yule aliyekuwa nayo. Jamaa asiye na bima asaidiwe kwa njia nyingine: aende kwa jina lake, na ndugu wachangiane gharama. Sisi ni watu wa kuchangiana harusi na msiba. Kumchangia mgonjwa kwa jina lake mwenyewe si mzigo wa ajabu.

6. Kuusema ugonjwa

Wahenga wamesema: mficha maradhi kilio humfichua. Methali hii ina uzito mpya katika zama za bima.

Mgeni anayeomba kibali cha kufanya kazi katika nchi za Ghuba hupimwa afya. Hofu ya kipimo hicho huwafuata watu hata baada ya kupata kibali. Mpishi mwenye kisukari huficha vidonge vyake asionekane dhaifu. Mwenye kukohoa kwa wiki tatu hunywa tangawizi na asali na kujifunika. Mwenye mimba hukaa miezi mitano bila kliniki. Kisha ugonjwa ambao ungetibiwa kwa riyali chache katika kituo cha afya unamfikisha mtu katika chumba cha wagonjwa mahututi, na hapo ndipo watu wanapoanza kuitafuta karatasi ya bima.

Fomu ya bima ikiuliza maradhi uliyo nayo, jibu kweli. Jibu la uongo hukupa utulivu wa siku chache na huipa kampuni sababu ya kukataa dai lako siku ya shida. Kama maradhi yako yamewekewa mpaka katika hati, ni bora uujue mpaka huo mapema, upange namna ya kulipia dawa, kuliko kuujua dirishani.

7. Lugha na siri ya mgonjwa

Mgonjwa ana haki ya kueleweka na ana haki ya siri yake. Usione haya kumuuliza muuguzi kama yuko mtu wa zamu anayesema Kiswahili. Mara nyingi katika miji yetu hii yupo. Epuka kumfanya mtoto mkalimani wa mama yake katika mambo ya uzazi au ya maradhi mazito, kwani ni mzigo usiomstahili, naye atapunguza maneno kwa kuona haya. Ikiwa aliyekuleta hospitali ni mwajiri wako, unaweza kumwomba daktari, kwa adabu, uzungumze naye peke yako. Mwenye kulipia matibabu hajanunua siri za mwili wako.

8. Kaya yenye miguu miwili

Kaya nyingi za wageni zina mguu mmoja Oman na mwingine nyumbani, na mageuzi yanaendelea huko pia. Kenya iliacha mfuko wake wa zamani wa bima na kuanza bima ya afya ya jamii tarehe 1 Oktoba 2024, ambayo mwajiriwa huichangia asilimia 2.75 ya mshahara. Zanzibar ilianzisha Mfuko wa Huduma za Afya kwa sheria ya mwaka 2023, na mwaka huo huo Tanzania ikapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote.

Bima hizo zimepangwa kwa matibabu ya huko. Usizitegemee mlangoni mwa hospitali ya Sur. Lakini usizipuuze pia. Mara ngapi simu imelia usiku kutoka Pemba au Mombasa, bibi amelazwa, fedha zinatakiwa asubuhi? Mchango wa bima unaolipwa kwa wakati kwa ajili ya wazee waliobaki nyumbani huwa mwepesi kuliko mkopo wa ghafla. Katika fedha mnazotuma, tengeni fungu la bima kama mnavyotenga la ada ya shule.

9. Mambo ya kufanya

Kwanza, mwombe mwajiri nakala ya hati ya bima na kadi yako. Kadi ikae kwako mwenyewe, pamoja na kadi ya ukaazi.

Pili, tafuta majibu ya maswali haya katika hati: mwisho wa gharama inayolipwa kwa mwaka ni kiasi gani kwa mgonjwa wa kulazwa na kwa asiyelazwa, ni sehemu gani mgonjwa hulipa mwenyewe, ni hospitali na zahanati zipi za Ibra, Sur au Nizwa zilizomo, ni matibabu gani yanahitaji idhini ya kampuni kabla, uzazi, meno na maradhi ya awali yamo au hayamo, mke na watoto wamo au hawamo, na bima inakwisha lini.

Tatu, anza na kituo cha afya au zahanati iliyo karibu. Mtu asiye mahututi hana sababu ya kusafiri zaidi ya kilomita mia moja kwenda Muscat. Anayehitaji matibabu makubwa zaidi hupelekwa kwa rufaa ya daktari, na barua ya rufaa ndiyo inayolinda dai lake la bima.

Nne, katika ajali, maumivu ya kifua, kupooza kwa ghafla, kutokwa na damu nyingi au mama aliyeshikwa na uchungu kabla ya wakati, piga simu 9999. Usianze kwa kutafuta karatasi. Mgonjwa kwanza, karatasi baadaye.

Tano, weka risiti zote, majibu ya vipimo na majina ya dawa katika mfuko mmoja nyumbani. Dai lililokataliwa lina njia ya kulalamikiwa, na mlalamikaji asiye na karatasi huchoka mapema.

Sita, ukiacha kazi, uliza bima inakoma siku gani. Dawa za kisukari na presha zisikatike katika siku za katikati.

10. Maswali ya kujadili nyumbani

Je, kila mtu wa nyumba hii anajua kama ana bima, na kadi yake iko wapi?

Ni nani kati yetu au majirani zetu aliye katika makundi manne yaliyotajwa, na akiugua usiku wa leo atakwenda wapi, na nani?

Yuko mgonjwa kati yetu anayeogopa kuusema ugonjwa wake? Tumefanya nini kumfanya aogope, na tutafanya nini aone wepesi?

Ndugu asiye na bima akiomba kadi, tutamjibu nini, na tuko tayari kumchangia kiasi gani?

Serikali, mwajiri na kampuni ya bima kila mmoja ana sehemu yake ya dhamana, na mageuzi yataendelea kuzigawa sehemu hizo upya. Sehemu ya kaya haihami: kusema kweli, kwenda kwa daktari mapema, na kutomwacha wa kwetu nje ya mlango.